Naombeni ushauri: hatamu gani inafaa kumwonyesha farasi kwa kumshika mkononi?

KijanaWaUsa (mleta mada)
Wakuu habari za jioni, poleni na mihangaiko.

Natunza farasi kwenye shamba moja huku Usa River. Mwezi ujao kuna maonyesho madogo shamba la jirani. Farasi hapandwi. Anashikwa mkononi, anatembezwa mbele ya jaji, anasimamishwa vizuri, anakimbizwa kidogo, anaangaliwa miguu, shingo na mwendo wake. Bosi yuko nje ya nchi, ameniachia jukumu la kumwandaa farasi mmoja pamoja na hatamu yake. Stoo zipo hatamu za kupandia tu, za siku nyingi, ngozi imeshapasuka.

Swali langu: kwa maonyesho ya namna hii inatakiwa hatamu ipi? Ile nyembamba ya kichwani isiyo na lijamu (kile kipande kinachopita mdomoni), au ya ngozi pana yenye lijamu mdomoni? Usingizi sipati kwa ajili ya hili jambo. Farasi mwenyewe ni mzuri, rangi ya kahawia, mpole.

Wenye uzoefu tafadhali.

MangiWaKibosho
Mkuu, wengi humu farasi tunamwona dirishani tukiwa kwenye Coaster ya Moshi–Arusha. Ila nimekaa siti ya mbele, nasubiri wataalamu.

MtambaTengeru
Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa. Kwenye Nane Nane pale Themi, Njiro, mnyama anaingia uwanjani na kamba nyeupe ya katani, safi, iliyofuliwa. Hakuna cha ngozi wala shaba. Mtamba wangu aliwahi kuniburuta mbele ya meza ya mgeni rasmi, magoti yote yakachubuka, lakini kamba haikukatika na zawadi nilichukua. Nunua kamba nzuri, hela inayobaki mnunulie pumba.

Saisi_Mstaafu
Kijana wangu, nimeshika farasi miaka mingi, Nairobi kwenye mbio za Ngong na baadaye huku kwetu. Kabla hujajibiwa, sema mambo matatu: ni wa damu gani, ana umri gani, ni dume au jike. Hatamu haichaguliwi kwa kupendeza. Inafuata mnyama.

KijanaWaUsa
Shikamoo mzee. Asante kwa kunijibu. Ni mchanganyiko, mama Mwarabu, baba wa mbio. Ana kichwa kidogo kizuri sana, ndiyo maana naona ile nyembamba itamtoa. Niliona picha za farasi wa Kiarabu wamevaa mkanda mwembamba kama wa saa, na kimnyororo chini ya kidevu. Uso wote unaonekana.

Saisi_Mstaafu
Marahaba. Damu umesema. Umri? Dume au jike?

Mtumishi_Sakina
Kijana, bosi amekuachia amana. Wewe unahangaika na urembo wa mkanda wakati anayekuamini yuko mbali. Fanya kazi kana kwamba yupo. Vijana wa siku hizi mnataka kuonekana kwanza, uaminifu baadaye. Nimewahi kuwa na mlinzi wa namna hiyo, geti linang'aa, kuku wanaisha.

KijanaWaUsa
Mtumishi, mimi siibi kitu cha mtu. Nauliza hatamu.

DadaNgaramtoni
Kuhusu ngozi naomba nichangie, maana mume wangu ni fundi. Ukipelekewa ngozi ya hatamu, ikate pembeni kidogo utazame katikati. Ikiwa na rangi ya kijivu inayoelekea bluu, hiyo imelainishwa kwa kemikali ya kromiamu, ni nzuri kwa viatu na mikoba lakini ikilowa na kuvutwa inanyooka. Matundu yanageuka kuwa marefu, hatamu inalegea kichwani. Iliyolainishwa kwa magome ya mti wa mwati katikati ni kahawia, ni ngumu mwanzoni, ukiipaka mafuta inakaa. Pia kataa ripiti peke yake pale mkanda unaposhika pete. Ishonwe kwa uzi uliotiwa nta, ripiti iwe ya kusaidia.

KijanaWaUsa
Asante sana dada, hii imenisaidia. Nitaikagua, maana fundi ameshaanza kukata.

MangiWaKibosho
Ameshaanza kukata nini tena? Si ulikuwa unauliza?

KijanaWaUsa
Nilishatoa oda kwa fundi mmoja karibu na soko la Kilombero. Ile nyembamba. Nimetanguliza elfu sitini. Msinielewe vibaya, nilitaka tu kuthibitisha kabla hajamaliza. Farasi ni dume, ana miaka miwili na miezi kadhaa. Hajahasiwa, lakini ni mpole, narudia. Wiki iliyopita alisimama kwa miguu ya nyuma mara moja tu, na sababu ilikuwa bodaboda kupita na turubai linapepea. Farasi yeyote angeshtuka.

Saisi_Mstaafu
Hapo sasa tunaongea.

Sikiliza. Dume wa miaka miwili asiyehasiwa, maonyesho mengi yanataka awe na lijamu mdomoni, na sababu wanayo. Siku hiyo kutakuwa na majike, huenda mmoja yuko kwenye joto. Uliyemlisha asubuhi akiwa mpole, saa nne atakuwa mnyama mwingine. Huo mkanda mwembamba uliouona kwenye picha una mahali pake, ni wa maonyesho ya farasi wa Kiarabu, na wanaoushika ni watu waliozoea kumtuliza farasi kwa vidole viwili. Kile kimnyororo kina kazi. Ukivuta, kinabana taya. Mtu asiyejua anavuta asiachie, farasi anaona njia pekee ya kukimbia maumivu ni kwenda juu.

Unachohitaji ni hatamu ya ngozi ya wastani, mkanda wa pua ulionyooka, mkanda wa paji usiobana masikio, vyuma vya shaba ya njano visafishwe mpaka ving'ae. Lijamu liwe laini, la mpira au la chuma kisicho na kiungo katikati. Kigwe, ule mkanda wa kumwongozea, usikifunge kwenye pete moja ya lijamu, ukivuta upande mmoja lijamu lote linahama mdomoni. Tafuta kimnyororo kifupi chenye ncha mbili, kila ncha inashika pete yake, katikati kuna pete ya kufungia kigwe, Waingereza wanakiita Newmarket. Mkono wako ukivuta, mdomo unapokea sawa pande zote.

MtambaTengeru
Mzee, kwa hiyo kamba nyeupe ndiyo basi?

Saisi_Mstaafu
Kamba nyeupe ina wenyewe. Farasi wakubwa wa kukokota wanaonyeshwa nayo Uingereza, na vijifarasi vya Wales pia. Huyu wa kijana si mmoja wao.

BabuMonduli
Farasi mimi niliachana nao. Tulikuwa na mmoja shambani, mvua za masika zilipoisha akaanza kuvimba juu ya macho, anahema kwa shida, povu puani, siku ya pili kafa. Daktari wa mifugo akasema ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, virusi vinavyoletwa na visubi. Visubi vinauma kuanzia jua linapozama hadi alfajiri. Kijana, kabla ya hatamu, huyo farasi analala ndani? Amechanjwa?

KijanaWaUsa
Analala ndani babu, kabla ya magharibi mlango umefungwa, na chanjo amepata. Naomba turudi kwenye hatamu.

MpeleleziHuru
Samahani wakuu, mimi naona hii ni chai, tena ya rangi. Nimerudia uzi wote kutoka juu. Mara "mpole", mara kasimama kwa miguu ya nyuma. Mara anauliza achague ipi, kumbe ngozi inakatwa. Na hakuna sehemu hata moja amesema "nitamshika". Ni "anashikwa", "anatembezwa". Saisi wa kweli angesema mimi. Huyu kakaa zake Dar, kasoma mtandaoni, anatuchezea akili. Farasi wa maonyesho Arusha? Weka picha.

MangiWaKibosho
Uzi umenoga.

DadaNgaramtoni
Mpelelezi, farasi Usa River wapo, watalii wanapanda kila siku. Kwamba wewe hujawaona si kosa lao. Ila hoja yako ya "nitamshika" nimeiona na mimi.

KijanaWaUsa
Picha ya farasi siweki, bosi hataki mali zake mtandaoni na kazi naihitaji. Nimeweka picha ya mkanda fundi alikofikia.

MpeleleziHuru
Picha ya mkanda inathibitisha kwamba una mkanda.

Saisi_Mstaafu
Wewe Mpelelezi mwache. Kijana, nani atamshika huyo farasi?

Saisi_Mstaafu
Bado nakusubiri.

KijanaWaUsa
Binti wa bosi. Ana miaka kumi na miwili. Yuko likizo hapa shambani na bibi yake.

Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Huyo binti alikuwepo siku farasi anazaliwa. Akimwita anakuja. Mimi akinisikia anaendelea kula. Ile picha ya hatamu nyembamba aliichagua yeye, na bosi kwenye simu alisema "mfurahishe mtoto". Mimi ni mfanyakazi. Nikikataa naonekana namzuia mtoto wa mwenye mali. Nilifikiri nikipata hatamu sahihi, mengine yatakwenda sawa. Nitakuwa nimesimama pembeni muda wote.

MtambaTengeru
Mimi mtu mzima mwenye kilo tisini niliburutwa na mtamba. Mtoto wa miaka kumi na miwili na dume la farasi? Hapana ndugu yangu.

Mtumishi_Sakina
Hii ndiyo amana niliyoizungumzia. Amana si farasi, ni mtoto.

MpeleleziHuru
Sasa nakuamini. Chai haiwi na bibi ndani.

Saisi_Mstaafu
Mwanangu, sikugombezi. Umebanwa kati ya simu ya bosi na furaha ya mtoto, naijua hali hiyo. Lakini hakuna hatamu duniani inayompa mtoto nguvu ya kumshusha dume aliyenyanyuka. Kuna lijamu la pete nyembamba la farasi wanaonyanyuka, linaitwa Chifney. Ukisikia mtu anakushauri umpe mtoto hilo, mkimbie. Ni chuma kikali, mkono ukitetemeka tu kinaumiza ulimi na taya, na anayeumia anarudi juu tena. Ukiwa pembeni hutawahi. Farasi akinyanyuka, kwato zake ziko usawa wa kichwa cha huyo binti.

Maonyesho mengi ya Uingereza hayaruhusu mtoto kushika dume. Waulize waandaaji wenu leo, wakikataa wao hutakuwa wewe uliyemkatalia.

KijanaWaUsa
Nimewapigia. Wamesema dume anashikwa na mtu mzima, na ni lazima awe na lijamu. Lakini mzee, elfu sitini imeshaenda, na binti nitamwambia nini? Kila asubuhi anakuja bandani kuuliza hatamu imeisha.

DadaNgaramtoni
Ulisema mama wa huyo farasi ni Mwarabu. Bado yupo?

KijanaWaUsa
Yupo. Mzee kidogo, mtulivu, watoto wote wa wageni wanampanda.

DadaNgaramtoni
Basi hatamu nyembamba ni ya mama. Ndiyo damu inayovaa hivyo. Binti amshike mama, bila kile kimnyororo, kigwe cha ngozi tu. Wewe umshike dume na hatamu ya lijamu. Mama na mwanawe uwanja mmoja, bosi atataka nini tena?

Saisi_Mstaafu
Dada umemaliza. Naunga mkono.

Sasa kijana, kipimo, maana fundi atakuuliza. Chukua kijiti laini au kipande cha bomba la plastiki, kipitishe mdomoni pale lijamu litakapokaa, weka alama kila upande kwenye pembe ya midomo, kisha ongeza nusu sentimita kila upande. Hatamu ikivaliwa, pembe ya mdomo iwe na mkunjo mmoja au miwili, isiwe inacheka. Mkanda wa kooni, ngumi yako ipite kati yake na taya. Mkanda wa pua ukae vidole viwili chini ya mfupa wa shavu. Daktari amtazame meno kabla hujamvisha: kwenye miaka miwili na nusu meno ya mbele yanaanza kubadilika, fizi zinauma, na mbele ya magego huwa kuna kijino kidogo ambacho lijamu likikigonga anarusha kichwa, watu wanadhani ni mkorofi. Mvishe bandani kila siku muda mfupi, ale nyasi akiwa nalo, asije akalijua lijamu siku ya jaji.

KijanaWaUsa
Mrejesho: fundi amekubali kumalizia nyembamba kwa kipimo cha jike, na ya dume ataishona upya, ngozi ya magome, nimeikata pembeni nikaona kahawia mpaka ndani. Bosi nimemtumia ujumbe wenye maneno ya waandaaji, amejibu "sawa". Binti alinuna mpaka nilipomwambia mama farasi anahitaji kufundishwa kusimama vizuri mbele ya jaji. Sasa hivi yuko naye chini ya mti, anamsimamisha na kumzungusha, anamsimamisha tena.

Swali la mwisho mzee. Mkanda wa paji la dume, fundi ana ngozi nyekundu nzuri sana imebaki. Niweke?

Saisi_Mstaafu
Kahawia, sawa na hatamu yenyewe. Rangi rangi ni za vijifarasi vya watoto na farasi wa kupandia wa kifahari. Kwa dume wa umri huo jaji anataka kuona kichwa. Na usisahau kuvaa buti na glavu siku hiyo, kigwe kikikimbia mkononi kinakata.