Naomba ushauri: mdogo wangu anakwama kwenye maneno magumu akisoma

Habari za jioni wakuu. Nipo Nkuhungu, Dodoma, naishi na mdogo wangu wa kidato cha pili. Kwetu Kongwa tumekua na Kigogo, Kiswahili amekipatia zaidi shuleni. Hadithi anazipenda sana, ila akikutana na neno gumu anafunga kitabu.

Nimemnunulia Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Shida, vitenzi humo vimeorodheshwa bila viambishi vya mwanzo. Juzi kakuta "wakatoka kumlaki mgeni", akatafuta kwenye K, hakuna. Tukavua viambishi hadi "laki", naye akashika ile ya elfu mia moja! Kumbe kuna laki nyingine, ya kwenda kumpokea mtu, na neno "mgeni" kwenye sentensi lilikuwa linamwonyesha maana hiyo.

Mimi naona akisie kwanza kwa sentensi nzima, apige mstari kwa penseli, kamusi ifuate akimaliza ukurasa. Mwalimu wake anataka kila neno litafutwe hapo hapo. Naogopa utamu wa hadithi utapotea.

Walimu na wazazi mliopitia hili, nyie mnafanyaje? Na daftari la msamiati linasaidia kweli?