Boti ya matanga ya kuishi ndani: futi 38 au 45?

Mpwani: Wakuu, tuko wawili, tunatafuta boti ya faiba iliyotumika ya kuishi mwaka mzima: Kilifi, Pemba, Komoro hadi Madagaska. Futi ngapi, na tukague nini kabla ya kulipa?

Baharia K: Futi 38 hadi 40 zinawatosha. Zikizidi hapo, matanga, nanga, rangi ya chini na ada ya maegesho vyote vinapanda, na kupunguza tanga kuu usiku kusi (upepo wa msimu utokao kusini) ikikaza ni kazi ya mikono mingi. Mkuku (uti wa chini kabisa wa boti) uzame mita 1.5 hadi 1.8. Bamvua (maji makuu ya mwezi mpevu na mwandamo) huku hushusha maji karibu mita 4. Mkuku wa mita 2.2 utawanyima vijito vingi.

Fundi Faiba: Mkuu, chukua nyundo ya plastiki, gonga sitaha kidogo kidogo, hasa kuzunguka mlingoti. Mlio mkavu, sawa. Ukisikika mzito kama kadibodi, balsa, yaani mbao nyepesi iliyo katikati ya faiba, imelowa. Kisha fungua makabati, tazama vyuma vinavyoshika waya za mlingoti. Michirizi ya kutu maana yake maji yanapenya, na chuma cha pua huliwa palepale kinapopita ndani ya sitaha, jicho lisipofika. Waya zikizidi miaka 10, zihesabu za kubadilisha, ukate kwenye bei.

Mpwani: Katamarani, boti ya maganda mawili sambamba, je?

Baharia K: Nafasi tele, na haihitaji maji ya kina. Ila ukiijaza mizigo, mawimbi yatagonga sakafu iliyo kati ya maganda mawili usiku kucha.