Mjadala: Glenda Jackson alifanya vyema kuliacha jukwaa miaka 23 akaenda bungeni?

Mleta mada

Wadau, kuna swali ambalo likiguswa tu mbele ya wapenda maigizo hugeuka ugomvi. Mwaka 1992 Glenda Jackson, mwigizaji wa Uingereza aliyekwisha kutwaa Oscar mbili, aligombea ubunge wa Hampstead na Highgate, kaskazini mwa London, kwa tiketi ya chama cha Labour. Akashinda, akaacha kuigiza kabisa, akakaa bungeni hadi 2015. Aliingia akikaribia miaka 56, akatoka akikaribia 79. Je, tulipata au tulipoteza?

Kwa wasiomfahamu: alizaliwa Birkenhead mwaka 1936, binti wa mwashi. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akauza kwenye duka la dawa la Boots kwa miaka miwili, kisha akapata ufadhili wa kusoma RADA, chuo cha uigizaji cha London. Baada ya chuo ukaja msoto wa miaka mingi: maigizo ya mikoani, vibarua, kukaa bila kazi. Mwaka 1964 mwongozaji Peter Brook akamchukua Royal Shakespeare Company, kundi kubwa la maigizo, akampa nafasi katika tamthilia ya Marat/Sade, ambamo aliigiza mgonjwa wa akili anayeigiza muuaji. Onyesho lile likampeleka hadi Broadway, kumbi kubwa za maigizo za New York. Oscar ya kwanza ilitokana na filamu ya Women in Love ya Ken Russell, ya pili na A Touch of Class, filamu ya vichekesho. Sherehe zote mbili hakuhudhuria. Katikati ya hizo, mwaka 1971, aliigiza Malkia Elizabeth wa Kwanza kwenye televisheni ya BBC, vipindi sita, kuanzia msichana hadi bibi kizee, na akakubali kunyolewa nywele za mbele ili afanane na picha za malkia. Kazi hiyo ilimpa Emmy mbili, tuzo za televisheni za Marekani.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Wanaomlaumu husema kipaji kama kile ni mali ya umma. Siikubali hoja hiyo hata chembe. Mtazamaji alilipia tiketi, akaonyeshwa onyesho, hesabu ikafungwa usiku ule ule. Na tukitaka kumtafuta mwenye kosa, tuanze na waandishi wa tamthilia na wenye kumbi, si yeye. Kwa miaka mingi alilalamika kwamba hawaandiki nafasi za wanawake: mwanamke anawekwa pembeni ya hadithi ya mwanamume, awe mke wake au mama yake, na akizidi miaka hamsini hata hiyo pembe anaikosa. Mwaka 2016, akiwa na miaka 80, alirudi jukwaani katika ukumbi wa Old Vic, London, chini ya mwongozaji Deborah Warner. Alirudi kuigiza nani? Mfalme Lear wa Shakespeare. Mwanamume! Ilibidi aazime suruali ndipo apate nafasi inayomtosha.

Mzee wa Kona

Mkuu, hapo umemtetea kupita kiasi. Waigizaji wenzake Judi Dench na Maggie Smith wote walizaliwa 1934, wanamzidi Glenda umri. Dench alikuwa na miaka 60 alipotokea kwa mara ya kwanza kama bosi wa James Bond katika GoldenEye mwaka 1995. Miaka miwili baadaye akaigiza Malkia Victoria katika Mrs Brown, kisha akachukua Oscar kwa Shakespeare in Love. Hizo nafasi zilitoka wapi kama mwanamke akizidi hamsini anafungiwa mlango?

Na hili ndilo zito zaidi. Tony ya 2018, tuzo ya maigizo ya Broadway, Glenda aliipata kwa Three Tall Women ya Edward Albee. Tamthilia hiyo hiyo Maggie Smith aliigiza London mwaka 1994. Ina wanawake watatu, na mkubwa wao ni kikongwe wa zaidi ya miaka tisini anayetawala jukwaa. Kwa hiyo nafasi ilikuwepo, iliandikwa, na ilichezwa mjini humo humo Glenda akiwa mbunge wa upinzani. Hakukosa kazi. Alikuwa amekwisha kuondoka.

Pazia Jekundu

Mzee wa Kona kaipiga penyewe. Nami niongeze ambalo mleta mada kaliruka. Sheria ya Uingereza haimkatazi mbunge kufanya kazi nyingine, mradi aiandikishe kwenye daftari la maslahi, yaani orodha ya mapato yake ya nje. Wapo mawakili wanaoendelea na kesi, wapo wanaoandika magazetini. Glenda angeweza kabisa kuigiza mara moja kwa mwaka, Bunge likiwa mapumzikoni. Ni yeye aliyeamua kuacha yote.

Vanessa Redgrave, ambaye ni wa rika lake, alikuwa mwanasiasa kuliko yeye: alisimama kugombea ubunge kwa chama cha mrengo mkali wa kushoto zaidi ya mara moja, akashindwa, na wakati wote huo hakuacha kuigiza.

Mleta mada

Pazia, Redgrave hakuwahi kuchaguliwa, sasa unalinganishaje? Hakuwa na wapiga kura wa kumngojea na barua zao za kodi ya nyumba. Mwenye mkutano wa hadhara anaweza kupanga siku zake. Mbunge wa jimbo la London hapangi. Na kuhusu kuigiza mapumzikoni: onyesho la jukwaani linataka wiki kadhaa za mazoezi, kisha maonyesho manane kwa wiki kwa miezi. Hilo halifanyiki likizoni. Angebaki na vijinafasi vya siku mbili kwenye filamu za watu. Alivikataa, na mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa tuzo zote.

Kwa Mzee wa Kona. Umemtaja Dench, sawa. Lakini tazama ile Oscar aliipata kwa nini. Aliigiza Elizabeth wa Kwanza kwa dakika nane hivi kwenye filamu ya watu wengine. Malkia yule yule Glenda alimbeba vipindi sita mwaka 1971, akiwa na miaka 34. Yaani mwanamke kijana kapewa maisha yote ya malkia, mwanamke wa miaka sitini kapewa dakika nane, na dunia ikapiga makofi kwa sababu dakika zenyewe zilikuwa tamu. Huo mfano unanisaidia mimi.

Hoja ya Three Tall Women inauma, sitaikwepa. Ila Albee mwenyewe hakuipeleka New York hadi 1994. Mwaka 1992, siku Glenda anajaza fomu, hakuna aliyeshika mswada ule mbele yake.

Bi Msomaji

Jamani, mnabishana juu ya alichokiacha na hakuna anayeuliza alichokwenda kufanya. Kama alikuwa mbunge hodari, swali linabadilika. Kama alikuwa mbunge wa kujaza kiti, Mzee wa Kona ana haki ya kulia.

Tuitazame rekodi. Alichaguliwa mara tano mfululizo. Labour waliposhika serikali mwaka 1997 alipewa unaibu waziri wa uchukuzi, akishughulikia usafiri wa London. Aliuacha mwaka 1999 ili awanie umeya wa jiji. Kwenye uteuzi wa chama akatoka wa tatu, nyuma ya Frank Dobson na Ken Livingstone. Baada ya hapo hakurudi serikalini. Alipinga vita vya Iraq vya 2003 na akawa mwiba kwa Tony Blair, waziri mkuu wa chama chake mwenyewe. Mwaka 2010 alinusurika kwa kura 42 tu. Arobaini na mbili, jimbo zima!

Mimi naiona kazi ya mtu mwenye bidii, mwenye msimamo, asiyejua kujipendekeza, na kwa sababu hiyo hakupanda. Wabunge wa namna hiyo wapo wengi, na wananchi wa Hampstead wangeweza kumpata mwingine. Lady Macbeth wa kiwango chake wasingempata mwingine. Nalisema hili kwa uchungu maana siasa zake nazipenda.

Mgeni wa Jukwaa

Dada Bi Msomaji umesahau siku moja. Tarehe 10 Aprili 2013, Bunge limekutana kumuenzi Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Wahafidhina, aliyefariki siku mbili kabla. Wengi wanapaka asali. Glenda akasimama akaeleza utawala ule ulivyowafanya watu wa jimbo lake: shule zenye vitabu vichakavu, watu wanaolala milangoni mwa maduka. Wahafidhina wakazomea, mmoja wao akamlalamikia Spika, na Spika John Bercow akasema hakuna kanuni iliyovunjwa. Video yake ilienea kila mahali. Lile ndilo onyesho lake bora kuliko yote.

Bi Msomaji

Sikusahau, mdogo wangu. Ila naomba tusiite onyesho. Mwanamke anasema jambo analoliamini kwa miaka thelathini, sisi tunapiga makofi kama tuko ukumbini na kusifia sauti. Waliomzomea walitumia silaha hiyo hiyo: "anaigiza huyu." Mwanasheria akihutubia bungeni hakuna anayesema anaendesha kesi.

Mgeni wa Jukwaa

Nimekuelewa. Lakini sauti ilikuwa ile ile, hilo huwezi kulifuta. Na ndiyo maana watu husema Bunge ndilo lililompa Lear. Miaka 23 ya kukaa karibu na madaraka, kuona mawaziri wakiporomoka, wazee wakikataa kuachia viti. Asingekwenda bungeni asingejua mfalme anayegawa ufalme wake anajisikiaje.

Mleta mada

Hadithi hiyo ni nzuri mno, na ndiyo inayonitia shaka. Waigizaji wangapi wamefanya Lear bila kukanyaga Bunge? Inampendeza kila mtu: Bunge linasifiwa, jukwaa linasifiwa, hakuna aliyepoteza. Mimi nasema kuna waliopoteza, na ni sisi watazamaji. Zile nafasi za miaka ya sitini na sabini ya umri wake hazipo, hazitakuwepo, na Lear hakuzilipa. Naitetea haki yake ya kuondoka na wakati huo huo nasema ilitugharimu. Sioni mgongano hapo.

Alichokifanya aliporudi kinaonyesha ukubwa wa gharama hiyo. Alianza redioni, BBC, 2015, kwenye mfululizo uliotokana na riwaya za Emile Zola. Kisha Lear London. Kisha Tony. Kisha Lear tena Broadway mwaka 2019, akiwa na miaka 82 na kutimiza 83 maonyesho yakiendelea. Mwaka huo huo filamu ya televisheni Elizabeth Is Missing, ambamo ni bibi anayepoteza kumbukumbu huku akimtafuta rafiki yake, ikampa BAFTA ya 2020, tuzo ya Uingereza, na Emmy ya Kimataifa. Ya mwisho ni filamu ya The Great Escaper na Michael Caine, mwenzake katika filamu ya The Romantic Englishwoman ya 1975. Ilitoka Oktoba 2023. Yeye alikuwa amefariki Juni, akiwa na miaka 87. Hayo yote ndani ya miaka minane, uzeeni. Sasa pigeni hesabu ya ile 23.

Pazia Jekundu

Kwa hiyo umehamia upande wetu.

Mleta mada

Sijahama. Ninyi mnasema angebaki. Mimi nasema kubaki kungemfanya mke wa fulani na mama wa fulani kwenye filamu kumi, na dakika nane za malkia akibahatika. Mama Courage wa Brecht alikuwa amekwisha kumfanya mwaka 1990. Cleopatra pia, huko Royal Shakespeare, miaka ya sabini. Hedda Gabler alimfanya jukwaani na kwenye filamu, na uteuzi wa Oscar akapata. Naomba mnitajie nafasi ya mwanamke wa zaidi ya hamsini, yenye uzito unaokaribia wa Lear, iliyokuwa imeandikwa tayari kufikia 1992 na hakuwa amekwisha kuicheza. Mkinitajia tano nafunga mjadala.

Mzee wa Kona

Winnie, kwenye Happy Days ya Beckett, 1961. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, amefukiwa ardhini hadi kiunoni, sehemu ya pili hadi shingoni, na anaongea karibu mchezo mzima peke yake. Mumewe ana maneno machache tu. Peggy Ashcroft aliicheza akiwa na zaidi ya miaka 65.

Mleta mada

Hiyo naipokea, tena ingemfaa sana kwa ukali ule wa kinywa chake. Bado nne.