Sarafu ya fedha yenye tembo wa rangi: je, rangi yake ni ya kiwandani?

Mkazi wa Lindi:
Wanajukwaa, habari zenu. Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia, ameniachia sarafu ya Somalia ya shilingi 100 yenye picha ya tembo. Tembo huyo na majani yanayomzunguka yametiwa rangi, na sarafu imo katika kasha la plastiki lisilo na cheti. Hapa nyumbani wapo wanaosema ni ya kuchezea watoto. Naomba kueleweshwa: je, ni sarafu halali, na rangi inaiongezea thamani au inaipunguzia?

Mzee wa Mikindani:
Pole kwa msiba, ndugu yangu. Sarafu za tembo wa Somalia hutengenezwa Munich, Ujerumani, katika kiwanda cha serikali ya jimbo la Bavaria, kwa ajili ya wakusanyaji na wanunuzi wa madini ya fedha duniani, si kwa matumizi ya sokoni Mogadishu. Hiyo 100 isikubabaishe, kwani sarafu ya wakia moja ina gramu 31.1 za fedha karibu tupu. Ipeleke kwa sonara aipime mbele yako, bila kuikwaruza wala kuitia tindikali.

Kuhusu rangi, Palau, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ilitoa sarafu za rangi za viumbe wa baharini mwaka 1992, na Canada ikaingiza katika mzunguko senti 25 yenye ua jekundu mwaka 2004. Hizo zilitiwa rangi kwa idhini ya mtoaji. Lakini wapo wafanyabiashara wanaonunua sarafu za kawaida za tembo, wakazitia rangi wenyewe, kisha wakaziuza kwa bei ya juu. Fedha hubaki ileile, ila mkusanyaji makini huihesabu sarafu hiyo kuwa imeharibiwa, na aghalabu hulipa thamani ya madini tu. Kwa kuwa huna cheti, linganisha sarafu yako na picha za matoleo rasmi ya mwaka ulioandikwa juu yake.

Binti wa Shangani, Mtwara:
Nakusihi, kaka, usiisugue kwa majivu na ndimu kama tunavyosugua sufuria, kwa sababu rangi itabanduka na fedha itachubuka. Iache ndani ya kasha, mbali na unyevu wa hewa yetu ya pwani.

Mkazi wa Lindi:
Nashukuru sana. Sonara amepata gramu 31.1, na sumaku haikuivuta. Nilipoitazama kwa kioo cha kukuzia, niliona rangi ya sikio imevuka mstari uliochongwa.

Mzee wa Mikindani:
Kiwanda makini hakiachii kasoro ya namna hiyo. Ukija kuiuza, dai bei ya fedha kwa uzito wake, na umweleze mnunuzi ulichokiona.