Tupeane uzoefu: ukikutana na aliyebuni nguo unayovaa kila siku, utamwambia nini?

Fundi wa Majengo: Wakuu, habari za Dodoma na vumbi lake. Nina cherehani hapa Majengo, na hela yangu ya haraka hutoka kwenye jinzi za mitumba: kukata urefu, kubana kiuno, kubadili zipu. Nikiwa peke yangu huwa napiga soga na marehemu Jacob Davis. Wengi mtasema mwenye jinzi ni Levi Strauss, lakini Strauss alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa San Francisco. Aliyeshika mkasi ni Davis, mzaliwa wa Riga, fundi cherehani kule Reno, Nevada. Mama mmoja alimwagiza suruali ya mumewe, mkata kuni aliyekuwa hamalizi muda kabla hajapasua mifuko. Mezani palikuwa na ribiti za shaba za kufungia mikanda kwenye mablanketi ya farasi, fundi akazigonga kwenye kona za mifuko. Basi.

"Shikamoo mzee. Kwa nini ukamwingiza Strauss?"

"Marahaba. Wewe dola 68 za kulipia hataza, ile haki ya kisheria ya aliyebuni kitu, unazo?"

Hapo nanyamaza. Ule mfuko wa siri wenye zipu niliobuni kwa ajili ya bodaboda, mafundi wa meza za jirani wote wanaushona sasa. Yeye alipata hataza tarehe 20 Mei 1873, akashirikiana na Strauss, akahamia San Francisco kusimamia ushonaji. Jina likabaki la mwenye mtaji.

Mama Belo, Sabasaba: Mimi wateja hawaishi kuniuliza hako kamfuko kadogo ka mbele. Vijana wana majibu yao ambayo siyaandiki hapa. Ni ka saa ya mnyororo, jamani! Ila huyo mzee mimi namdai. Nikifungua belo la jinzi za kike, mifuko ya mbele ni geresha, hata nauli haikai. Najua siyo kosa lake, alifariki 1908 na kampuni ile ilitoa jinzi ya kike 1934. Lakini si mama ndiye aliyeagiza ile ya kwanza? Yeye alipata nini?

Mpita Njia: Alipata suruali ya mumewe, kwa dola 3.

Mama Belo, Sabasaba: Aliilipia!

Mzabibu wa Mpunguzi: Mbukwenyi. Sisi wa zabibu mkasi wa kupogolea unakaa mfuko wa nyuma, na kona ndiyo inayoachia kwanza. Zamani ribiti zilikuwepo hadi nyuma. Watu wakalalamika zinakwaruza matandiko ya farasi na viti vya nyumbani, zikafunikwa na kitambaa 1937, baadaye zikatolewa kabisa. Ningemwambia: mzee, mimi farasi sina, na siti ya pikipiki yangu ilishachanika siku nyingi. Nirudishie ribiti zangu.

Mpita Njia: Hiyo ya kwanza nayo ilikuwa ya buluu?

Fundi wa Majengo: Wapi! Ilikuwa ya turubai, nyeupe isiyo nyeupe. Kitambaa alinunua kwa huyohuyo Strauss. Mzabibu, lete suruali nikugongee, ribiti zinapatikana kwa mafundi viatu. Usije Jumamosi tu, kuna sare za harusi.

Mama Belo, Sabasaba: Na kutoboa mfuko wa geresha ukawa mfuko kweli, bei gani?

Fundi wa Majengo: Elfu tatu, kitambaa cha ndani uje nacho.

Mama Belo, Sabasaba: Elfu mbili. Nina belo zima.