Aliyeonekana kanisani Krismasi tu, akifa Januari azikwe na Kanisa?

Mlei wa Kimara

Wakuu, naomba tujadili bila matusi. Krismasi parokiani kwetu watu walijaa hadi nje, wengine wakasali chini ya turubai. Dominika ya Ubatizo wa Bwana, inayofunga kipindi cha Noeli, mabenchi ya nyuma yalikuwa wazi. Hilo tumelizoea. Kilichonisumbua ni tangazo la siku hiyo: asiyehudhuria sala za jumuiya yake ya mtaani, akifa familia yake isitegemee padre.

Mimi napinga, na nasema hivyo nikiwa mwanajumuiya. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua miaka ya 1973 na 1976 kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, walitaka imani iishi mtaani, jirani amjue jirani. Leo jumuiya nyingi zimebaki na daftari la mahudhurio, kadi ya zaka na mchango usioisha.

Na sheria yenyewe haisemi hivyo. Kanuni ya 1184 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataja wanaonyimwa mazishi: walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa, waliotaka miili yao ichomwe kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Mtoro wa jumuiya yuko wapi hapo?

Mwenyekiti wa Jumuiya

Ndugu yangu, sheria umeisoma vizuri, lakini msibani hujakaa. Mimi hugongewa mlango usiku na familia ambayo sijawahi kuiona. Wanataka barua kwa paroko, wanataka misa, wanataka kwaya. Nauliza marehemu alibatizwa wapi, hakuna anayejua. Nauliza kama alifunga ndoa, wanatazamana. Halafu mimi ndiye niandike kwamba alikuwa Mkristo mwema.

Turubai anafunga nani? Maharage anapika nani? Mama zetu, walewale kila wiki, wengine wajane. Waliokuja Krismasi na nguo mpya huwaoni. Sasa tukisema "njooni tuwajue" mnasema tumekuwa polisi. Tangazo lile ni kali, nakubali, lakini bila ukali Januari ninasali na watu sita.

Muuguzi wa zamu

Shikamoo Mwenyekiti. Jumuiya yetu inasali Jumamosi alfajiri. Saa hiyo mimi ndiyo nakabidhi wodi. Mlinzi yuko lindoni, dereva wa daladala yuko barabarani tangu saa kumi. Sisi wote kwenye daftari ni watoro.

Tarehe 26 Desemba, Kanisa likimkumbuka Stefano aliyepigwa mawe, wengi walikuwa wanamalizia pilau. Mimi nilikuwa nambadilisha shuka bibi ambaye ndugu zake wamemwacha hospitali. Mathayo 25 inasema "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama". Kwa bibi huyo, nani ataniwekea alama ya vema kwenye daftari? Sijisifu, nauliza tu tunapima nini.

Msharika

Msidhani ni Wakatoliki peke yenu. Huku kwetu KKKT, Kanisa la Kilutheri, kuna bahasha za ahadi ya sadaka, na mtu akifa wapo wanaotaka kwanza kujua bahasha yake ilikuwa inarudi au la.

Jirani Mwislamu

Samahani kuingia. Kwetu kumzika Mwislamu ni faradhi ya kifaya: wakitosha wachache kumzika, wengine wamesalimika, asipozikwa, dhambi ni ya jamii nzima. Swala zake zilizompita ataulizwa mwenyewe huko anakokwenda.

Mlei wa Kimara

Ahsante jirani, umetupa la kufikiria.

Mwenyekiti, uchovu wenu nauona na ninauheshimu. Lakini adhabu hii inamwangukia mjane na watoto. Marehemu hasikii kitu. Na wanaoitii kwa hofu watakuja kuweka jina, kama wanavyokuja Krismasi kupiga picha kwenye pango la Noeli.

Mbona hatuanzi kwa kuwafuata? Wale wa chini ya turubai tunawajua kwa sura. Mmoja ana duka la dawa, mwingine amepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Januari ndiyo mwezi mgumu, ada na kodi ya nyumba vinagongana. Jumuiya ikibisha hodi wakati huo bila kitabu cha risiti, mtu ataona tofauti. Na sala moja kwa mwezi ihamie Jumapili jioni kwa ajili ya watu wa zamu. Kuhusu cheti cha ubatizo, ulizeni mtu akiwa hai, mkienda kumtembelea.

Mwenyekiti wa Jumuiya

Saa ya sala nitaipeleka kwenye kikao, hiyo sina ubishi. Dada muuguzi, jina lako nitaandika hata usipokuja, ila unipe namba ya wodi tuje tumwone huyo bibi.

Lakini Mlei, suala la mama zangu wanaopika bado hujalijibu. Msiba ujao wa nyumba nisiyoijua, wewe utakuja kupika?

Mlei wa Kimara

Kupika sijui. Kuni na maji nitabeba.