Nafaka, maji au maua: kipi kinaleta raha zaidi kwa mtazamaji wa ndege wa bustanini hapa Nairobi?

Jirani wa Buruburu

Wapenzi wa ndege, hamjambo. Nilihamia Buruburu miezi minne iliyopita, katika nyumba yenye kiwanja kidogo cha mbele ambacho mpangaji aliyenitangulia alikifunika nusu yake kwa saruji ili aegeshe gari. Nusu iliyobaki ina mpera mzee na ua wa bogonvilia uliojiachia. Kila asubuhi, kabla sijashika njia ya kazini, mimi huketi mlangoni na kikombe cha chai kwa dakika ishirini hivi, na dakika hizo zimekuwa tamu kuliko nilivyotarajia. Huja shomoro, huja njiwa, huja shore wawili wanaojibizana kama mume na mke waliozeeka pamoja, na kwera mmoja wa manjano ambaye hupenda kubembea kwenye kamba ya nguo. Safari za Naivasha na Nakuru nimewaachia wenye magari. Ninaowataka mimi ni hawa wa kila siku, ila niwaone kwa karibu na wakae kidogo.

Fedha ni chache na nafasi ni ndogo, kwa hiyo lazima nianze na kimoja: ubao wa kumwagia nafaka, beseni la maji, au kuivunja saruji nipande maua na vichaka. Naomba mnilinganishie kwa uzoefu wenu, mkizingatia raha ya kutazama kwanza, kisha gharama na usumbufu. Wingi wa ndege haunishughulishi sana.

Mama Wawili, Kasarani

Nitasema juu ya nafaka, kwa kuwa ndiyo niliyoijaribu kwa miaka miwili. Nilikuwa nikinunua mtama na wimbi kule Nyamakima, nikapigilia ubao juu ya kigingi chenye kimo cha mtoto wa nasari, nami nikimwaga konzi moja kila asubuhi. Raha ya mwezi wa kwanza sitaisahau. Ndege anayekula hutulia, na ukiwa na subira utaona mambo ambayo huwezi kuyaona akiwa mtini: njiwa humeza punje nzimanzima, ilhali wale vindege wekundu wenye mdomo mfupi huizungusha punje mdomoni, wakaimenya, wakayaacha maganda yadondoke pembeni, hata ukikaribia ubao baadaye utayakuta yamejipanga ukingoni kama pumba za kinu. Utajua pia nani anamwogopa nani. Njiwa mmoja aliweza kuukalia ubao mzima, akawapiga wenzake kwa bawa kila walipojaribu kutua.

Basi, kufikia mwezi wa tatu wale wadogo walitoweka, ubao ukabaki mali ya shomoro na njiwa, kisha wakaja kunguru wenye kifua cheupe, ambao hawamwachii mtu kitu. Punje zilizodondoka zikawa karamu ya panya usiku, na jirani yangu, mama mpole asiyependa maneno, akaja kuniuliza kama siku hizi nafuga. Mwishowe nilimkuta njiwa amejikunyata chini ya kigingi, manyoya yamemsimama, anajaribu kumeza na punje inarudi. Nilielezwa baadaye kwamba njiwa wanaokula pamoja mahali pachafu huambukizana ugonjwa wa koo, na kwamba ubao unafaa kusuguliwa kwa maji moto angalau kila juma, tena makombo yasilale. Mimi sikuwa nimeusugua hata mara moja, na hilo linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo, ndugu, bei ya mtama ni nafuu. Kazi ya usafi ndiyo gharama yenyewe. Na mkate usiuweke kabisa, maana huwashibisha bila kuwapa lishe ya maana.

Ghorofa ya Nne

Mimi sina bustani. Nina roshani huku Kileleshwa, upana wake ni kama wa meza ya chakula, na vyungu vitano: viwili vya mishubiri, vitatu vya salvia nyekundu. Chozi, wale vindege wadogo wanyonyao maua, walianza kuja katika mwezi wa pili. Wageni wangu wote huwafananisha na wale ndege wavumao wa Marekani wanaosimama hewani mbele ya ua, lakini wale hawapo hapa Afrika, na chozi wetu kwa kawaida hupenda kutua. Hushika shina kwa kucha, hujipinda, kisha huingiza mdomo. Dume wa hapa kwangu ana kifua kinachobadilika kutoka kijani hadi samawati kadiri anavyogeuka kwenye jua, na tumbo la manjano. Jike ni wa kijivu tu, na ilinichukua muda kukubali kwamba ni wa nyumba moja.

Jambo lililonipa raha kuliko yote ni wizi wao. Ua likiwa na shingo ndefu kuliko mdomo, chozi hahangaiki na mlango. Hulitoboa kwenye kitako na kunyonya mbochi, yaani maji matamu ya ua, kwa ubavuni, bila kugusa chavua, kama mtu aliyepitia dirishani ilhali mwenyeji anamngoja sebuleni. Ukichuma ua hilo utaona tundu dogo kama la sindano ya kushonea magunia.

Niliwahi kutundika chupa ya maji ya sukari ili niwaone zaidi. Siku ya kwanza walikuja sisimizi, ya pili nyuki, ya tatu maji yakawa na ukungu na harufu ya pombe. Sikurudia.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, salamu. Nimevijaribu vyote vitatu katika ua wangu karibu na Dagoretti Corner, na nikilazimishwa kubaki na kimoja, nitabaki na maji bila kusita.

Sababu yangu ni kwamba nafaka huwaita walaji wa nafaka peke yao, na maua huwaita chozi pamoja na wale wanaofuata wadudu, lakini maji humwita karibu kila mmoja wao. Yupo kijindege wa rangi ya majani yaliyofifia ambaye huja kwetu kutoka Ulaya kuanzia Oktoba hivi na kuondoka kufikia Aprili; uzito wake ni kama gramu kumi, naye ametoka kuvuka jangwa la Sahara. Ukimwagia gunia zima la mtama hatakutazama, kwa kuwa chakula chake ni wadudu anaowaokota majanini, tena huko juu hatulii hata ukihesabu tatu. Nimemwona sawasawa mara tatu tu maishani mwangu, na mara zote tatu alikuwa akioga kwenye karai langu.

Naam, ni karai, lile la mafundi wa ujenzi, lililotoboka nikaliziba kwa lami. Nimelijaza kokoto mpaka maji yakabaki na kina cha kidole kimoja ukingoni na vidole vitatu katikati, na jiwe moja kubwa limesimama nje ya maji ili mdogo apate pa kushika. Shore akija haingii moja kwa moja. Hutua kwanza kwenye tawi na kutazama angani, kwa kuwa mwewe hupita hapa kila saa, kisha hushuka ukingoni na kunywa kwa kuchota na kuinua kichwa ili maji yateremke kooni. Mtazame njiwa hapohapo utaona tofauti: yeye huzamisha mdomo na kufyonza mfululizo, kichwa kikiwa chini. Shore akishakata kiu ndipo huingia, hulaza kifua, hupiga mabawa mara nne au tano, huruka nje kana kwamba ameitwa, kisha hurudi na kuanza upya. Akimaliza huwa mnyonge wa kutia huruma, kichwa kimelowa kama kitambaa cha jikoni, na wakati huo anapojitikisa na kujipanga manyoya ndipo utaona vizuri manjano yaliyo chini ya mkia wake, ambayo watu wengi wanaomsikia kila siku hawajui kwamba anayo.

Usumbufu wake ni mmoja, nao ni mbu. Kutoka yai hadi mbu wa kuruka huchukua siku saba au zaidi kidogo, kwa hiyo anayemwaga maji na kusugua chombo kila baada ya siku mbili hana la kuogopa. Mahali ambapo maji ya mfereji huja kwa zamu, yale ya kusuuzia mboga yanatosha, mradi hayana sabuni. Karai lisikae kandokando ya kichaka ambamo paka anaweza kujificha, wala lisiwe mbali mno na pa kukimbilia. Mimi nimeliweka hatua tatu kutoka kwenye ua.

Mkulima wa Ruai

Mwalimu, kwa heshima zote, hukumwambia kijana wetu kuhusu kuzumburu. Nami niliweka maji, wakaja saba na mikia yao mirefu, wakanywa, wakatazama huku na huku, wakaiona sukuma wiki yangu. Kufikia Jumamosi mistari miwili ilikuwa vijiti vitupu. Ndege hawa hula matunda, machipukizi na majani, na hutambaa ndani ya kichaka kama panya, hivyo hata kuwafukuza ni kazi.

Hata hivyo, nikiwa mkweli, ndio ninaowatazama kwa muda mrefu kuliko wengine wote. Asubuhi za baridi za Julai, jua likitoka, hupanda juu ya mti na kujining'iniza wima kwa miguu, tumbo limeelekezwa kwenye jua, bega kwa bega, wamenyamaza, nusu saa nzima. Jamii yao ina spishi sita tu duniani, na zote ni za Afrika. Nimefunika mboga kwa wavu, nao nimewaachia papai moja.

Kuhusu swali lenyewe, mimi ni wa upande wa vichaka, ingawa faida yake huchelewa. Penye ua wa miti hutazami tu ndege anayepita, unamwona akiishi. Kwangu kuna mbwigu mweusi na mweupe ambaye huwachoma panzi kwenye miiba ya seng'enge, akawaacha hapo kama nyama buchani, akarudi baadaye kuwanyofoa. Nimemwona pia chozi jike akikusanya utando wa buibui kwa ajili ya kiota chake. Ila ukishapanda, weka dawa za wadudu mbali, kwa sababu hata chozi, pamoja na kupenda kwao mbochi, huwalisha makinda wadudu na buibui. Lantana usiipande, ijapokuwa shore huipenda kwa matunda yake. Huisambaza kila mahali, na kuing'oa ni adhabu.

Mwalimu Mstaafu

La kuzumburu nimelikubali. Hapa kwangu hakuna sukuma wiki, ndiyo maana tunaelewana.

Ghorofa ya Nne

Nyongeza ndogo kwa Jirani: kabla hujanunua chochote, fuatana na Nature Kenya, shirika la wapenzi wa mazingira asilia, katika matembezi yao ya Jumatano asubuhi, ambayo huanzia kwenye Makumbusho ya Taifa na ambayo Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miongo mingi. Nilikwenda nikidhani wataniringia kwa ndege adimu, kumbe tulisimama robo saa nzima chini ya mti mmoja tukimtazama kwera. Huyo wenu wa Buruburu, kama ana mgongo mweusi na jicho la manjano iliyopauka, ni yule ambaye kwa kawaida hajengi kwa makundi kama kwera wengine. Hukaa wawiliwawili, na hupenda wadudu kama anavyopenda mbegu.

Jirani wa Buruburu

Jicho ni la manjano iliyopauka kweli. Nimekwenda kumtazama sasa hivi.

Nimewasikia nyote, na nafaka nimeiondoa kwenye hesabu. Simulizi ya Mama Wawili imenitosha. Nitaanza na maji kwa kuwa naweza kuyaweka leo, na saruji nitaivunja kidogokidogo kabla ya mvua za Oktoba. Paka wa jirani ndiye anayenitia wasiwasi.

Mama Wawili, Kasarani

Mwombe mwenye paka amfunge kengele shingoni, na karai uliinue juu ya matofali. Ukimwomba kwa upole hatakataa.

Jirani wa Buruburu

Narudi baada ya wiki tatu. Siku nne za kwanza hakuna aliyekuja, nikaanza kumlaumu Mwalimu kimoyomoyo. Siku ya tano alitua shomoro, akanywa, akaondoka. Kuanzia ya sita sikupata tena kiti changu kwa amani, maana nikisogea tu wanaruka, hivyo sasa chai nainywea dirishani. Shore walioga kama ilivyoelezwa, mpaka kile kitambaa cha jikoni. Nilikuwa nimesahau kuweka jiwe la katikati, na chozi mmoja alizunguka karai mara tatu akakosa pa kushika, akaenda kuoga kwenye jani la bogonvilia lililokuwa na umande, akijisugua juu yake kwa kifua. Jioni hiyohiyo niliweka jiwe.

Ila kuna mmoja simjui. Huja peke yake giza linapoanza kuingia, wengine wakiwa wameshaondoka. Ni wa kahawia mgongoni, tumbo lina rangi ya chungwa, mdomo ni wa chungwa pia. Harukiruki kama shomoro; hukimbia hatua chache, husimama wima, huinamisha kichwa kama anayesikiliza ardhi, kisha hugeuza majani makavu ya mpera kwa mdomo, moja baada ya jingine, kabla ya kwenda majini. Huyu ni nani?

Mwalimu Mstaafu

Huyo ni mkesha. Anatafuta minyoo. Usiyafagie majani ya mpera.